John Akii-Bua: Dhahabu, Ukimbizi na Ualimu

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Moshi yetu inabadilika. Kilimanjaro Marathon inakuja, gesti zinajaa, daladala zinapitishwa njia nyingine, na sisi wanachuo tunaamka alfajiri, wengine kukimbia zile kilomita tano za kujifurahisha na wengine kushangilia tu. Mazungumzo siku hizo ni yaleyale: Wakenya, Waethiopia, na kwetu Filbert Bayi, Suleiman Nyambui na Juma Ikangaa. Yaani kwa watu wengi, mwanariadha wa Afrika Mashariki ni mtu wa mbio ndefu, basi.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilipokwenda fildi katika shule moja ya sekondari huku mlimani, nilikabidhiwa michezo kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mdogo kuliko walimu wote. Viunzi vya kuruka hatukuwa navyo, tukalaza mianzi juu ya matofali. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akaniuliza kama kuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kushinda mbio hizo duniani. Nikamjibu kwamba yupo, Mganda, anaitwa Akii-Bua. Akaniuliza ilikuwaje. Hapo ndipo nikagundua kwamba najua jina tu. Makala hii ni jibu langu kwake, nimechelewa kidogo.

John Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, Abako, katika nchi ya Walango kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wanane na watoto 43. Ukisoma takwimu hiyo unacheka kwanza, halafu unajiuliza ada za shule zililipwaje. Akii-Bua hakusoma sana. Aliacha shule angali kijana, na kama vijana wengi wa wakati ule waliokuwa na mwili wa nguvu, akaenda Kampala kujiunga na polisi.

Hapo bahati ilimkuta. Jeshi la polisi la Uganda lilikuwa na utaratibu wa michezo, na ndani yake alikuwemo ofisa mmoja, Jerom Ochana, aliyekuwa akishikilia rekodi ya Afrika ya kuruka viunzi yadi 440. Ochana ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Na hapa naomba tuelewane: sisi kwa Kiswahili chetu tunamwita kocha mwalimu, mwalimu wa timu, na sidhani kama tumekosea. Ochana aliona kijana huyu anaruka juu mno, anapoteza muda hewani. Akachukua ule ufito wa wanaoruka juu, akauweka futi kadhaa juu ya kiunzi, ili kijana alazimike kupita katikati, akiwa ameinama. Siku moja hakuinama vya kutosha. Kovu la paji la uso alibaki nalo, na somo nalo likabaki. Leo ukifanya hivyo darasani unaitwa ofisini, lakini wazo lenyewe ni la mwalimu hasa: alitengeneza kifaa kinachomwonyesha mwanafunzi kosa lake bila maneno mengi.

Mwanzoni Akii-Bua alikimbia viunzi vya mita 110, zile mbio fupi za viunzi virefu vya sentimita 106.7. Alijaribu kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akashindwa kufuzu. Mwaka huohuo wa 1968 alifika Uganda Mwingereza kijana, Malcolm Arnold, kuwa kocha wa taifa wa riadha. Arnold ndiye aliyemhamishia kwenye mita 400 kuruka viunzi.

Kwa wasiozijua mbio hizi, nieleze kidogo. Ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja. Kuna viunzi 10, kila kimoja kina urefu wa sentimita 91.4 kwa wanaume. Kutoka mahali pa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na ukishavuka cha mwisho zinabaki mita 40. Ugumu wake uko kwenye hesabu ya hatua. Mkimbiaji mzuri hupiga hatua 13 kati ya viunzi. Akichoka, hatua zinafupika, hawezi tena 13, na wengi huruka hadi 15, kwa sababu idadi ya hatua ikiwa witiri unafika kwenye kiunzi ukiwa na mguu uleule. Hatua 14 zingekuletea mguu mwingine, na wengi hawawezi kurukia mguu wasiouzoea. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Kwa hiyo alipochoka alikuwa na njia ya katikati ambayo wenzake hawakuwa nayo.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamaliza wa nne. Mwaka 1971, huko Durham, Marekani, katika mashindano kati ya Marekani na Afrika, alikimbia muda bora kuliko wote duniani mwaka ule. Hata hivyo wataalamu wengi hawakumhesabu sana. Alikuwa hajashindana mara nyingi na wakubwa, na Uganda ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote.

Mazoezi aliyofanya kujiandaa na Munich yanatisha kuyasoma. Alivaa fulana iliyojazwa risasi ya uzito wa kama kilo 11, akakimbia mita 1,500 huku akiruka viunzi vitano kila mzunguko, na viunzi vyenyewe ni vile virefu vya mita 110. Mtu akizoea hivyo, siku akivua ile fulana na kupewa viunzi vifupi, anajiona mwepesi kama karatasi.

Fainali ilikuwa Jumamosi, Septemba 2, 1972. Akii-Bua alikuwa na miaka 22, umri wangu mimi ninayeandika, na pengine wako pia. Alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa. Njia hiyo haipendwi na mtu. Kona yake ni kali kuliko zote, na mwili wa mtu mrefu unavutwa nje kila anapozunguka. Katika njia nyingine alikuwemo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.1, na Ralph Mann wa Marekani.

Hemery aliondoka kwa kasi sana, na hadi nusu ya mbio ilionekana kama ataongoza mpaka mwisho. Akii-Bua alimfuata taratibu, kiunzi baada ya kiunzi, na kona ya mwisho akamshika. Alipotoka kwenye kona alikuwa mbele, na mwendo bado anao. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake. Mann alikuwa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52. Angalia hizo namba vizuri: wa pili na wa tatu wametenganishwa na mia moja ya sekunde, lakini kati ya wa kwanza na wa pili kuna zaidi ya nusu sekunde.

Kisha akaendelea kukimbia. Alizunguka uwanja akiruka viunzi vilivyokuwa bado vimesimama, na hata vile ambavyo havikuwepo, anaruka hewa, uwanja mzima unashangilia. Siku tatu baadaye, Septemba 5, watu wenye silaha waliwavamia wanamichezo wa Israel katika kijiji cha Olimpiki, na Waisraeli 11 wakauawa. Dunia inaikumbuka Munich kwa msiba ule, na ni haki. Ile furaha ya Jumamosi ikafunikwa.

Kampala alipokelewa kishujaa. Idi Amin alikuwa madarakani tangu Januari 1971. Akii-Bua alipandishwa cheo polisi, akapewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Hapa ndipo maisha yake yalipokuwa magumu kuyaeleza. Yeye alikuwa Mlango, kabila moja na Milton Obote aliyepinduliwa. Baada ya mapinduzi yale, askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa. Fikiria mtu huyo: watu wa kwao wanawindwa, naye picha yake inatumika kuonyesha kwamba Uganda ya Amin inang'ara. Kukataa zawadi hakuweza. Kukimbia nje wakati huo kungewaacha ndugu zake hatarini. Alikaa kimya, akafanya kazi yake ya polisi na akaendelea na mazoezi. Mwaka 1973 alishinda dhahabu kwenye Michezo ya Afrika huko Lagos.

Nimejadiliana jambo hili na wenzangu hosteli hadi usiku. Mmoja wetu alisema aliyekula na Amin alikula damu. Mimi siwezi kuhukumu kirahisi hivyo. Tulio salama, wenye kitanda na boom linaloingia hata kama linachelewa, ni rahisi kumpangia mtu mwingine ujasiri.

Mwaka 1976 alitakiwa kutetea ubingwa wake Montreal. Kulikuwa na kijana mpya wa Kimarekani, Edwin Moses, mwanafunzi wa fizikia ambaye hakuwahi kushiriki mashindano makubwa ya kimataifa. Kila mpenzi wa riadha alitaka kuwaona hawa wawili. Lakini nchi nyingi za Afrika zilijitoa kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Tanzania nayo ilijitoa, na Bayi wetu, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, akakosa kukutana na John Walker. Sababu ya kugoma ilikuwa ya haki. Pamoja na hayo, wako vijana waliolipa deni lile kwa miaka yao bora, na hatuwataji mara nyingi tunapoisimulia haki hiyo. Moses alishinda bila Akii-Bua kuwepo, na rekodi ya Akii-Bua ikavunjwa siku ileile.

Sasa nifike kwetu Moshi. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Tanzania ikajibu. Machi 24 hadi 26, 1979, vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana hapa Moshi, vikaunda umoja wao, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kuwa mwenyekiti. Tunapita mitaa hii kila siku tukienda kununua vocha na chipsi, na wachache wanajua kwamba serikali ya nchi jirani iliundwa hapa. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka, na Lule akawa rais.

Vita ile kwetu ni fahari. Wazee wetu walikufa Kagera na kwingineko, na sitaki maneno yangu yaipunguze. Lakini kwa Akii-Bua ukombozi ule ulikuja na hofu yake. Mtu aliyepewa nyumba na cheo na Amin angeonekanaje na watakaoingia? Nani angemwuliza kwanza kabla ya kumpiga risasi? Alichukua familia akakimbilia Kenya. Huko yule bingwa wa Olimpiki aliwekwa kambini pamoja na wakimbizi wengine. Miaka saba kabla yake dunia nzima ilikuwa imemsimamia kumpigia makofi.

Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomtoa kambini. Ilimpeleka Ujerumani, nchi ileile aliyoshindia, ikampa kazi. Alikaa huko miaka kadhaa. Mwaka 1980 alirudi uwanjani kuiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya Moscow, ileile ambayo Bayi na Nyambui walituletea medali zetu mbili za fedha. Akii-Bua alifika nusu fainali na kuishia hapo. Alikuwa na miaka 30 na maisha yalikuwa yamemchosha kuliko umri. Hakuwa tena yule wa Munich, na nadhani alijua kabla hajapanda ndege.

Kisha akarudi Uganda, na akawa kocha. Vitabu na magazeti mengi sehemu hii wanaimaliza kwa sentensi moja. Mimi ninayesomea ualimu nataka kukaa hapa kidogo.

Alirejea katika nchi iliyotoka vitani na kuingia vita vingine. Obote alirudi madarakani, akapinduliwa mwaka 1985, na Januari 1986 Museveni akaingia Kampala. Katika miaka hiyo Akii-Bua alirudi polisi na kufundisha wakimbiaji. Fikiria kufundisha viunzi mahali ambapo mji mzima unahesabu risasi. Mbio ndefu unaweza kuzifundisha kwa barabara ya vumbi na mlima. Viunzi vinataka uwanja wenye mistari, viunzi 10 kwa kila njia, saa nzuri, chakula cha kutosha, na zaidi ya yote mwanafunzi huyohuyo kwa miaka mitatu au minne mfululizo. Mwili haukariri hatua 13 kwa wiki mbili.

Sasa mwangalie mwalimu wake. Malcolm Arnold aliondoka Uganda, akarudi kwao, akawa kocha wa Wales. Huko alimfundisha Colin Jackson, ambaye mwaka 1993 aliweka rekodi ya dunia ya mita 110 viunzi kwa sekunde 12.91. Miaka mingi baadaye akamfundisha Dai Greene, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 400 viunzi mwaka 2011. Yale aliyojifunza Arnold kwa kumnoa polisi mmoja pale Kampala hayakupotea. Yalipata uwanja, bajeti na vijana wa kupokea, yakazaa. Akii-Bua naye alikuwa na elimu hiyohiyo, tena yeye alikuwa nayo miguuni. Walimu wawili, somo moja. Mmoja alikuwa na shule ya kufundishia, mwingine akapewa cheo na kiwanja kitupu.

Mimi hili linanigusa kwa sababu tunafundishwa kwamba mwalimu bora hutoa matokeo bora popote. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu nyingine ni kisingizio cha kutompa mwalimu vifaa. Ukitaka kujua Akii-Bua alikuwa kocha wa namna gani kwa kuhesabu medali za wanafunzi wake, utakuwa unaipima Uganda ya miaka ile, yeye humpati.

Alifariki Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47. Mkewe alikuwa ametangulia. Aliacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima zote za kitaifa. Mwaka uleule ndipo ulipofunguliwa Uwanja wa Mandela pale Namboole, uwanja mkubwa wa taifa la Uganda. Ulikuja akiwa anaondoka.

Uganda ilisubiri dhahabu nyingine ya Olimpiki kwa miaka 40. Ilipatikana London, Agosti 12, 2012, kwa Stephen Kiprotich katika marathoni, kijana wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Baadaye wakafuata Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai. Lakini katika mita 400 viunzi kwa wanaume, hadi leo hakuna Mwafrika mwingine aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki. Rekodi ya dunia sasa ni ya Karsten Warholm wa Norway, sekunde 45.94, aliyoiweka Tokyo mwaka 2021. Kutoka 47.82 hadi 45.94 ni chini ya sekunde mbili, na imechukua miaka 49, pamoja na viatu vipya, viwanja vipya na sayansi yote ya lishe. Ukipima hivyo, ndipo unapoona yule polisi wa njia ya kwanza alikuwa mbele kiasi gani.

Wanachuo wenzangu, hasa tunaokwenda kufundisha, wengi wetu tutapangiwa shule zisizo na kiwanja cha maana. Tutapewa michezo kama adhabu ya ugeni. Ombi langu ni dogo. Usiitumie saa ya michezo kusahihishia madaftari. Nenda na mianzi yako na matofali yako. Ochana alikuwa na ufito mmoja tu, na kutokana na ufito ule dunia ilipata sekunde 47.82. Halafu, ukishamwona mtoto anayeruka vizuri, piga kelele ofisini, wilayani, popote, apate kiwanja cha kweli, maana ufito peke yake una mwisho.

Yule mwanafunzi wangu sasa yuko kidato cha tatu. Nikipata nakala ya gazeti hili nitapanda gari nimpelekee mwenyewe.